Utitiri wa Godoroni na Ukungu wa Ukutani

 

Nilikuwa nimekusudia mwezi huu kuendelea na maneno yetu juu ya maji ya kunywa, lakini imenifikia barua ya mama mmoja akaaye Mji wa Kale, Mombasa, na nilipokwisha kuisoma niliona haifai kuiweka ingoje zamu yake. Jina lake silitaji, wala yeye hakutaka litajwe. Lakini habari zake ni habari za nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu mpaka Unguja na Kilwa, na yamkini wako watakaosoma maneno haya wakaona kama kwamba wameandikiwa wao.

Mama huyu ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Mchana mtoto ni mzima: huenda chuoni, huenda skuli, hucheza na wenziwe. Usiku, ikipita saa nane, huamka akikohoa, kifua kikipiga mluzi, akaketi kitandani ameinama mbele akiitafuta pumzi. Karibu na adhana ya alfajiri hutulia. Jambo hili sasa lina miaka miwili.

Mama mkwe asema ni jini, na kila usiku wa kuamkia Ijumaa hufukiza ubani na udi chumbani hali milango imefungwa. Baba wa mtoto asema ni baridi, naye ameziba madirisha kwa matambara. Jirani amewakataza wanawe wasinywe katika kikombe kimoja na mtoto huyu, akichelea kuambukizwa kwao. Tabibu amempa mtoto dawa ya kuvuta kwa mdomo, lakini shangazi amesema dawa ile ni ya mazoea, mtu akiianza haiachi hata kufa, basi imewekwa kabatini ikafungiwa kwa ufunguo. Mwisho wa barua mama aeleza jambo limshangazalo: mtoto akipelekwa kwa mjomba wake bara, nchi kavu, hulala usiku kucha wala hakohoi. Ndipo akaniuliza, "Je, huyo jini hana nauli ya basi?"

Swali hili kwanza lilinichekesha, kisha likanihuzunisha. Kwani watu wote wa nyumba ile wampenda mtoto, na karibu kila mmoja wao, kwa mapenzi yake yenyewe, ametenda jambo la kumzidishia dhiki.

Maradhi haya ni pumu. Si maradhi ya kudharauliwa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake mwaka huo mmoja. Wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi za kipato kidogo na cha kati, ambako maradhi hayatambuliwi mapema na dawa hazipatikani, au zapatikana zikafungiwa kabatini.

MZIO NI NINI?

Wazee wetu wana neno zuri: mzio. Mtu husema, "Pweza ni mzio wangu," maana yake akimla hudhurika, na hali wenziwe wamla wakashiba salama. Basi hili ndilo jambo ambalo tabibu wa Vienna, Clemens von Pirquet, alilitafutia jina katika mwaka 1906, na jina lake likaenea katika lugha za Ulaya.

Lakini jambo lenyewe lajulikana tangu kale. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu ya mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, ambaye kila msimu wa mawaridi alipatwa na mafua, pua zikimchururika. Na mwisho wa karne ya 12 huko Misri, Musa bin Maymun, tabibu wa Kiyahudi, aliandika kwa Kiarabu risala nzima juu ya pumu, ambayo Waarabu huiita rabu.

Mwenyezi Mungu ameupa mwili askari wa kuulinda. Adui aingiapo, askari humtambua na kupigana naye. Mwenye mzio askari wake hukosea: humwona mpita njia asiye na dhara wakamdhania kuwa jambazi. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Kijapani, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, waliitambua chembe ya kinga ifanyayo kosa hilo, ikapewa jina la IgE. Chembe hii hujibandika katika seli maalumu za mwilini, ikangoja. Kile kitu kikivutwa tena pamoja na hewa, seli zile humwaga maji makali yenye kuwasha. Katika pua huleta chafya na mafua. Machoni huleta mwasho na machozi. Na katika kifua cha mwenye pumu hufanya mambo matatu: misuli izungukayo mirija ya pumzi hujibana, ngozi ya ndani ya mirija huvimba, na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyosalia. Ule mluzi usikiwao usiku ni pumzi ijipenyezayo katika mrija uliokuwa mpana ukawa kama bua.

Basi jirani na ajue: kitu hiki hakiambukizi. Hakiendi kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa kulala kitanda kimoja. Chaweza kurithiwa katika ukoo, lakini hakipokewi kwa jirani. Kumtenga mtoto kwa ajili yake ni kumdhulumu.

Na juu ya jini, sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qurani imewataja. Lakini kila kikohozi tukikiita jini, tutawasingizia majini makosa ya godoro. Na godoro ndilo nilitakalo kulisema.

MDUDU ASIYEONEKANA

Kwa miaka mingi matabibu walijua kuwa vumbi la nyumbani huwaudhi wenye pumu, bali hawakujua ni kitu gani katika vumbi. Mholanzi Willem Storm van Leeuwen, katika miaka ya 1920, aliona kuwa wagonjwa wake wa nchi ile ya tambarare na majimaji walipopanda milima mirefu walipata nafuu. Akawajengea vyumba maalumu vya kuingizwa hewa safi, na humo pia wengi walipata nafuu. Ilikuwa miaka ya 1960, katika mji wa Leiden huko huko Uholanzi, ndipo Reindert Voorhorst na Frits Spieksma pamoja na wenzao walipomkamata mwizi. Alikuwa utitiri wa vumbi.

Utitiri wa kuku kila mtu aujua. Huu ni jamaa yake, nao wote ni jamaa za kupe na buibui, wenye miguu minane. Lakini huu wa vumbi haumwumi mtu wala haunyonyi damu. Urefu wake ni kama robo au thuluthi ya milimita, na rangi yake ni nyeupe iliyopauka, hata jicho haliuoni juu ya shuka. Chakula chake ni magamba madogo madogo ya ngozi yetu, yatupukutikayo kila siku bila ya sisi kujua. Palipo magamba mengi kuliko pote nyumbani ni pale mtu alalapo saa saba au nane kila usiku. Kwa hivyo godoro na mto ndio mji mkuu wa utitiri, kisha blanketi, kisha zulia, kisha viti vya kochi vyenye kitambaa.

Na si mdudu mwenyewe amletezaye mtu pumu, bali zaidi ni choo chake. Kila kidonge cha choo chake ni chembe ndogo mno, ambayo mtu ageukapo kitandani au atandikapo shuka huruka pamoja na vumbi, akaivuta. Katika miaka ya 1980 wataalamu walithibitisha kuwa sehemu kubwa kabisa ya kitu kile kiletacho mzio imo katika choo hicho. Kwa sababu hii kumwua mdudu peke yake hakutoshi: mdudu akifa, uchafu wake hubaki godoroni, nao huendelea kuudhi. Lazima uondolewe au uzibwe.

Sasa mama, tazama ajabu ya uumbaji. Utitiri haunywi maji. Hauna kinywa cha kunywea. Maji yake yote huyanyonya katika unyevu wa hewa kwa mwili wake. Unyevu ukishuka chini ya nusu ya ule ambao hewa yaweza kuchukua, na ukakaa hivyo siku nyingi, utitiri hukauka ukafa. Hewa ya pwani yetu karibu mwaka mzima ina unyevu zaidi ya kiasi hicho, na wakati wa masika huzidi sana. Ama nchi kavu za bara na milima mirefu haziupi raha. Ndiyo maana wagonjwa wa Storm van Leeuwen walipumua milimani, na yamkini ndiyo maana mwanao hulala usiku kucha kwa mjomba wake. Nasema yamkini, kwa kuwa kule hubadilika mambo mengi kwa pamoja: godoro jingine, chumba kingine, wala hapana ubani. Lakini dalili yatosha kutuonyesha tuanzie wapi.

Na kwa nini usiku? Kwa sababu usiku ndipo mtoto alazapo pua juu ya mto wenye vumbi hilo kwa muda mrefu. Tena maumbile ya mwanadamu yenyewe ni kwamba mirija ya pumzi hupungua upana kidogo nyakati za usiku wa manane, hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa mwenye pumu upungufu huo mdogo huwa mkubwa.

MABLANKETI YA PAPUA

Nitawasimulieni kisa kimoja cha kweli. Katika milima ya Papua New Guinea, watu wa kabila la South Fore walikuwa hawajui pumu ila mmoja mmoja. Usiku walikuwa wakilala karibu na moto bila ya mablanketi. Baadaye wakaanza kununua mablanketi, wakijifunika gubigubi hata kichwa, wala hawakuwa na desturi ya kuyafua. Katika mwaka 1985 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: zaidi ya watu wazima 7 katika kila 100 wa kabila lile walikuwa na pumu, na mablanketi yao yalikutwa yamejaa utitiri.

Blanketi si haramu, wala sisemi turudi kulala majivuni. Lakini kisa hiki chatufundisha kuwa starehe mpya huja na kazi yake mpya. Bibi zetu walitandika mkeka wa ukindu. Asubuhi mkeka ulikunjwa, ukakung'utwa, ukaanikwa juani, na ukichafuka ulisuguliwa kwa maji. Sisi tumeletewa zulia nene kutoka Arabuni, tukalitandaza ukuta kwa ukuta, na toka siku ile halijainuliwa. Miguu yatembea juu yake, watoto wacheza juu yake, maji na chai zamwagika juu yake, na chini yake uko ulimwengu mwingine. Misikiti yetu mingi nayo imefuata njia hiyo. Ingefaa kamati za misikiti zikaweka zamu ya kuyatoa mazulia nje na kuyasafisha, kwani hapo ndipo mja awekapo paji la uso na pua yake mara nyingi kila siku.

UKUNGU WA UKUTANI

Mama ameeleza kuwa chumba cha mtoto ni cha chini, katika nyumba ya kale ya mawe, na ukutani pana baka la unyevu lifanyalo madoa meusi kila baada ya masika. Baba alilipaka saruji, juu yake akapaka rangi ya mafuta. Mwaka haukwisha, madoa yakarudi.

Madoa hayo ni ukungu, jamaa ya kuvu. Ndio huohuo ufanyao kawa katika kanzu iliyokunjwa mbichi, na harufu ya uvundo katika kabati la vitabu. Ukungu huishi kwa unyevu, na hujieneza kwa kutupa hewani mbegu nyepesi zisizoonekana, mamia kwa maelfu. Mbegu hizo zivutwapo na mwenye mzio nazo hufanya kama vile ifanyavyo takataka ya utitiri. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na ukungu wa majumbani, likabainisha kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na pumu na maradhi mengine ya pumzi.

Na hapa pana kisa cha ajabu. Wengi wamesikia kuwa Alexander Fleming, mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's huko London, aliuona ukungu umeingia katika kisahani chake na kuua vijidudu, na hapo ndipo ilipotoka penisilini. Wachache wajua kuwa chini ya chumba chake cha kazi alikuwako mtaalamu mwingine, C. J. La Touche, aliyekuwa akiuotesha ukungu wa namna nyingi kwa ajili ya uchunguzi wa pumu. Wanahistoria wengi waona kuwa mbegu iliyoangukia kisahani cha Fleming ilitoka chumba kile cha chini. Basi ukungu uliokuwa ukitafutwa kwa dhara yake, Mungu akatoa ndani yake dawa ya mamilioni.

Turudi ukutani. Wajenzi wetu wa kale walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayashika kwa chokaa na kuyapiga lipu ya chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya maji ya ardhini na ya mvua. Lakini chokaa ilikuwa ikiyaacha maji yale yatoke polepole nje ya ukuta yakakauka kwa upepo. Saruji ni ngumu na nzito. Ikipakwa juu ya ukuta kama huo huyafungia maji ndani, na rangi ya mafuta huzidisha kifungo. Maji hayapotei: hupanda juu zaidi, au hutokea upande wa ndani, lipu ikavimba na kubambuka. Kwa hivyo mume wako hakuuponya ukuta, ameufunga kinywa. Watunzaji wa majengo ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaasa watu warudie chokaa kwa sababu hiyo.

LA KUFANYA

Mtu asidhani kuwa jambo moja litamaliza yote. Mwaka 2003 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa Uingereza kwa watu wazima zaidi ya 1,000 wenye pumu, ukaonyesha kuwa kulivika godoro jalada maalumu, peke yake, hakukuwapa nafuu. Lakini mwaka 2017, huko huko Uingereza, watoto 284 wenye pumu na mzio wa utitiri walichunguzwa, na wale waliovikwa magodoro na mito yao majalada hayo walipelekwa hospitali kwa shambulio kali kwa kiasi cha 29 katika 100, na wenzao waliopewa majalada ya bure walikuwa 41 katika 100. Basi kazi hii yafaa, hasa kwa mtoto, lakini haichukui mahali pa dawa. Nayo ni hii:

Kwanza, godoro. La sufi lililorithiwa kwa bibi, japo lina kumbukumbu, halimfai mtoto huyu. Alazwe juu ya godoro jipya kama yapatikana, lishonewe jalada la nailoni au kitambaa kilichofumwa kwa kukazana, lenye kufunga pande zote, na mto vivyo hivyo. Shuka hutandikwa juu ya jalada.

Pili, kufua. Shuka, foronya na blanketi zifuliwe kila juma kwa maji ya moto wa digrii 60, ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Maji ya baridi huondoa uchafu mwingi, lakini utitiri wenyewe wengi hubaki hai.

Tatu, jua. Hii ni dawa ambayo Mungu ametupa bila ya bei. Mwaka 1994 wataalamu wa Sydney, Australia, walionyesha kuwa zulia likianikwa katika jua kali saa kadhaa, utitiri wote waweza kufa kwa joto na ukavu. Toeni mazulia, mito na mablanketi, yageuzwe pande zote, kisha yakung'utwe nje, mbali na mtoto, ili takataka iliyosalia iondoke. Godoro nene halipati joto la kutosha katikati yake, kwa hivyo hilo lahitaji jalada pamoja na jua.

Nne, zulia litoke chumbani mwa mtoto, na pazia nzito na vinyago vya manyoya vipunguzwe. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirusha vumbi likaelea hewani. Wakati wa kazi hiyo mtoto asiwepo.

Tano, madirisha. Matambara yatolewe. Upepo wa kusi na wa kaskazi ndio uliowafanya wajenzi wetu waweke madirisha mahali yalipo. Kabati lisogezwe mbali na ukuta kadiri ya shubiri moja, hewa ipite nyuma yake. Nguo mbichi zisianikwe chumbani.

Sita, ukungu. Kwanza atafutwe mzazi wake: dari yavuja? bomba lapasua maji ukutani? mfereji wa jirani wamwagia msingi? Maji yasipokatwa, kazi yote ni bure. Kisha madoa yasuguliwe kwa maji ya sabuni, ukuta ukaushwe vizuri. Afanyaye kazi hiyo afunge pua na kinywa, wala asisugue kukavu. Dawa kali za kusafishia zisichanganywe moja na nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu. Kitu laini kilichoota ukungu, kama mto au mkeka uliooza, kitupwe. Na lipu ya saruji ikibambuka, fundi airudishie chokaa.

Saba, moshi. Haya ni maneno mazito kwa sisi watu wa pwani, maana udi ni pambo letu, ni heshima ya mgeni na ya arusi. Lakini moshi ni moshi, wa ubani au wa sigara au wa kuni, na mirija iliyovimba haujui thawabu ya mfukizaji. Mama mkwe na aombwe kwa adabu: amsomee mtoto Qurani na dua, hilo ni jema na hatumzuii, bali chetezo kikae uani, mbali na mtoto. Na vijana wavutao sigara sebuleni, wakisema kuwa wamefungua dirisha, wajue kuwa wadogo zao ndio walipao.

DAWA ILIYO KABATINI

Dawa za kuvuta za pumu ni za namna mbili. Moja hufungua mirija kwa haraka wakati wa dhiki. Nyingine, iliyo na steroidi kidogo, hutuliza uvimbe wenyewe, nayo hutumiwa kila siku kama alivyoagiza tabibu, hata mtoto awapo mzima. Wengi huitumia ile ya haraka tu kwa kuwa waiona kazi yake papo hapo, wakaiacha ya pili. Hilo ni kosa lililowaua watu. Na kusema kuwa dawa hizi ni ulevi si kweli. Mtu huzitumia muda mrefu kwa sababu maradhi yenyewe ni ya muda mrefu, kama vile mwenye macho dhaifu avaavyo miwani yake.

Mtoto mdogo hawezi kuivuta sawasawa akiwekewa mdomoni moja kwa moja. Yataka chombo cha katikati cha kuishika dawa. Asiyeweza kukinunua asikate tamaa. Mwaka 1999 tabibu Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako kwa kadiri ya kinywa cha dawa na kuzibwa pembeni isivuje, yafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mwulize tabibu wako akuonyeshe namna yake.

Mama, zijue na alama za hatari: mtoto ashindwapo kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani kila avutapo, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au dawa ya haraka isipomsaidia. Hapo hapana kungoja alfajiri. Apelekwe hospitali usiku huohuo, huku akiendelea kupewa dawa.

Na wakubwa wenye pumu, ukiwadia mwezi wa Ramadhani, wasiache dawa kwa kunong'onezwa na watu. Wanavyuoni wamehitilafiana katika dawa ya kuvuta, je, hufunguza au haifunguzi. Basi mtu na amwulize mwanachuoni amwaminiye pamoja na tabibu wake kabla mwezi haujaandama. Sheria yetu imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa. Haikumwamuru kujiua.

MWISHO

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu aendapo kulala alikung'ute tandiko lake, kwani hajui ni kitu gani kilichokuja juu yake baada ya yeye kuondoka. Sisemi kuwa mafundisho hayo yalikuja kwa ajili ya utitiri wa Leiden. Nasema tu kuwa sisi, tulio umma wa kukung'uta tandiko, haitupendezi kuwa na godoro lisiloona jua mwaka hata mwaka.

Mama, kazi niliyokutajia ni nyingi, wala haifanyiki siku moja. Ukuta wangoja fundi, na godoro langoja fedha. Lakini yako mawili yasiyotaka fedha wala fundi. Leo, kabla ya magharibi, yatoe matambara madirishani. Na usiku huu, mtoto hajalala, chukua ufunguo ulifungue kabati. Shangazi akikasirika, msomee maneno haya. Akizidi kukasirika, mwambie aniandikie mimi.

Nami naingojea barua yako ya pili. Mwenyezi Mungu amponye mwanao na wana wote wa Waislamu na wa majirani zao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.